Cheti Kisizuie Kuziba Ufa

Serikali yoyote inayohifadhi siri za nchi katika kompyuta haina budi kujua kama programu endeshi, yaani ile inayoiongoza kompyuta yenyewe, inaaminika. Ndiyo maana mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kanuni za kuzipima programu hizo na kuzipa vyeti vya usalama. Jambo hilo lilikuwa jema, na mataifa mengine yakafuata. Tatizo ni kwamba cheti hutolewa kwa toleo moja tu, ilhali programu hubadilika kila mara.

Tutazame Windows NT. Toleo la 3.5 lilipata cheti Julai 1995, hali toleo la 3.51 limekwisha kutoka. Toleo la 4.0 lilitoka mwaka 1996, likapata cheti mwishoni mwa 1999, miezi michache tu kabla ya Windows 2000 kuingia sokoni. Nayo Windows 2000 ilipata cheti Oktoba 2002, wakati Windows XP imekwisha kuuzwa kwa mwaka mzima.

Je, ofisa mtiifu afanye nini? Akishikilia toleo lenye cheti, anabaki na kasoro ambazo wezi wamekwisha kuzijua. Akiweka lililorekebishwa, ameliacha lile lililopimwa.

Hatari ya kuchelewa si ya kubuni. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro moja ya Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipenya kwa kasoro hiyohiyo katika kompyuta ambazo hazikurekebishwa, kikavuruga kazi za hospitali nyingi za Uingereza. Hatusemi kwamba vyeti ndivyo vilivyoleta msiba huo. Tunasema kwamba kanuni inayomfanya mtu asite kuziba ufa inamkaribisha mwizi.

Dawa inajulikana. Mwaka 1989 Marekani ilianzisha utaratibu ambao wataalamu wa mtengenezaji, baada ya kupewa mafunzo, walichunguza kila badiliko na kuwaeleza wakaguzi wa serikali, ili toleo jipya lirithi cheti bila upimaji kuanza upya. Kanuni za kimataifa zilizofuata nazo zina nafasi ya jambo hilo.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika, pamoja na wale wa Afrika Mashariki ambao ofisi zao hutumia programu hizohizo. Wasiridhike kuonyeshwa cheti. Wasome kimetolewa kwa toleo gani. Na kabla ya kutia sahihi mkataba, wamtake muuzaji aahidi kwa maandishi kwamba kila rekebisho litachunguzwa na cheti kitadumishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Cheti kimsaidie mwenye nyumba kuuziba ufa huo, wala kisimfunge mikono.