Kujongeza Mstari Kufundishwe Kwanza

Mwaka 2022 taasisi ya kukuza mitaala nchini Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa uandikaji wa programu kwa shule za msingi na za upili. Miongoni mwa lugha wanazoanzishiwa wanafunzi ni Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Yatupasa walimu tujiulize kwa nini mwanafunzi mwerevu wa Kaloleni, hapa Kisumu, aweza kuandika kazi sahihi shuleni, akaifungua jioni katika saiba, akaongeza mistari miwili, na kompyuta ikaikataa yote.

Chanzo ni pengo lililo mwanzoni mwa mstari. Katika lugha ya C, fungu la amri hufungwa kwa mabano. Mabano hayo ni kama vina vya mashairi yetu: hata shairi likiandikwa mfululizo, sikio hujua kipande kinakoma wapi. Python haina vina hivyo. Fungu hutambulika kwa mistari yake kujongezwa kutoka ukingoni, basi. Sasa, kitufe cha Tab (ambacho tukikiongezea irabu ya mwisho kama ilivyo desturi yetu huwa "tabu", na jina limeafiki kweli) huweka alama moja isiyoonekana. Kitufe cha nafasi huweka nyingine. Jicho halitofautishi. Mashine hutofautisha, na Python 3, iliyotoka mwaka 2008, hukataa katakata alama hizo zikichanganywa bila mpango.

Dawa yake ni ya dakika moja. Katika kihariri cha matini kama Geany au Notepad++, fungua mapendeleo, uamuru kitufe cha Tab kiweke nafasi nne. Ndivyo unavyoshauri mwongozo wa Python wenyewe, PEP 8, wa mwaka 2001. Kisha washa uonyeshaji wa nafasi, ili zionekane kama vitone. Notepad ya kawaida inayokuja na Windows haitoi hiari hiyo. Wala amri hiyo isitumike kwa mafaili yote, kwani yale ya programu ya Make, iliyobuniwa mwaka 1976, hudai Tab yenyewe.

Mwalimu anayelipuuza jambo hili humwacha mtoto aamini kwamba hana akili ya kompyuta, ilhali muda wa saiba ameulipia. Wala tusisingizie uhaba wa msamiati. Kitenzi "jongeza" tunacho tangu jadi. Kiandikwe ubaoni juma la kwanza la muhula, kabla ya amri yoyote.