TUNUNUE INJINI TUNAYOIWEZA



Gari letu limelala nyuma ya ghala tangu mwezi uliopita, na kuku wameanza kutaga ndani ya bodi. Fundi ameshasema neno lake. Silinda hedi imepasuka, maji yameingia kwenye oili, na krenki haichongeki tena kwa sababu ilishachongwa mara mbili. Wapo wanaosema tufanye ovahoo nyingine. Wanatutakia mema, lakini hicho ni kiraka juu ya kiraka. Chasisi bado ni nzima, giaboksi ni nzima, difu haina kelele. Gari jingine hatuna fedha ya kulinunua. Basi kilichobaki ni injini, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kilabuni, kisimani, mpaka msibani watu wanabishana injini.

Sisi tunasema wazi maoni yetu, maana jambo hili si la kamati peke yake. Fedha itakayotoka ni ya kila aliyeleta kahawa yake kwenye mizani. Mwaka jana gari lilipolala wiki mbili tu tukakodi lori la mtu, na kila mmoja aliyaona makato ya nauli kwenye malipo yake. Mbolea nayo ilichelewa. Na tusisahau usiku. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, huwezi kumpakia kwenye bodaboda na ule mteremko wa mtoni ulivyo. Gari hili ndilo limewapeleka hospitali wengi wa watoto tunaowaona wanacheza hapa mbele ya ubao.

Tuanze na kile tulicho nacho. Gari ni Toyota Hilux ya dizeli, na injini yake iliyokufa inaitwa 2L, ya lita 2.4. Injini hiyo ina ndugu zake wa tumbo moja: 3L ya lita 2.8, na 5L ya karibu lita 3. Hawa wote ni ukoo mmoja. Mahali pa kuungana na giaboksi ni pale pale, kwa hiyo fundi anaitoa ya zamani na kuingiza mpya bila kukata chuma wala kuchomelea. Kama injini imetoka kwenye Toyota Hiace, ile ya abiria, huenda chombo cha chini cha oili na mikono ya kuishikilia vikawa na umbo tofauti. Hapo fundi atatumia vile vya injini yetu ya zamani. Kwa hiyo asije mtu akaiuza ile ya zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla kazi haijaisha! Tumeshawaona wakiizungukazunguka.

Sisi tunataka 3L. Haina turbo, haina kontrol boksi, pampu yake ya dizeli ni ya chuma kitupu. Spea zake zipo mjini kwa sababu Hiace na Hilux nyingi zimetumia injini hiyo hiyo. Fundi wetu ameshaifungua zaidi ya mara moja, na vijana wawili anaowafundisha wanaijua. Ikiharibika hapa itatengenezwa hapa.

Kuna vijana wanaotaka injini kubwa yenye turbo, ile 1KZ-TE iliyokuwa kwenye Hilux Surf. Wanasema inapanda mlima kama haina mzigo. Ni kweli, ina nguvu, hatubishi. Lakini tuulizane. Injini hiyo inaongozwa na umeme, ina kontrol boksi na nyaya zake, na haikai kwenye giaboksi yetu bila mabadiliko. Waya mmoja ukiliwa na panya, nani hapa ataupata? Itabidi tukodi winchi kwenda mjini na kumlipa fundi wa kompyuta. Tena inajulikana kwa jambo lile lile lililotuua sisi: ikipata joto kali, silinda hedi inapasuka. Na 2L-T, ambayo ni ile 2L yetu iliyotiwa turbo, nayo ina sifa hiyo hiyo. Barabara yetu ni ya kupanda kilometa nyingi kwa gia ya pili na tani moja mgongoni. Joto ndilo adui yetu wa kwanza. Nguvu inakuja baadaye.

Na kwani tunakimbilia wapi? Kahawa haijawahi kulalamika kwamba dereva anakwenda polepole.

Kama 3L nzuri haikupatikana, 5L inafaa pia. Ila hapa wajumbe watakaokwenda kununua wafungue macho. Ipo 5L, na ipo 5L-E. Ya kwanza ina pampu ya kawaida. Ya pili, yenye ile E, inaongozwa na umeme, na tutakuwa tumerudi kule kule kwenye nyaya. Muuzaji atasema "ni kitu kimoja, mzee". Si kitu kimoja. Sisi tuliojifunza herufi ukubwani, tukikaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, tunajua herufi moja inavyoweza kukubadilishia neno zima. Jina la injini limegongwa kwenye bloku yenyewe pamoja na namba. Futeni grisi kwa kitambaa, msome wenyewe kwa sauti.

Sasa neno gumu kidogo. Tumesikia kwamba ile injini ya turbo inayosifiwa sana iko kwa mtu mmoja mjini, na mtu huyo ni jamaa wa mjumbe mmojawapo wa kamati, na ati ameomba apewe malipo ya kwanza kabla ya mkutano. Hatumwiti mtu mwizi. Jamaa naye ana haki ya kuuza, na bei yake yaweza kuwa nzuri. Lakini fedha ya ushirika haitoki kwa kunong'onezana. Zije bei tatu, zimeandikwa kwenye karatasi, kutoka kwa wauzaji watatu, na zisomwe mbele ya wanachama wote. Mjumbe mwenye jamaa yake akae pembeni siku hiyo, asipige kura. Tukishindwa kusemezana hili leo, tutakuja kusemezana kwa hasira kahawa ikiwa imelala kwenye magunia.

Fundi aende pamoja na wajumbe. Tusipofanya hivyo ni sawa na kununua ng'ombe kwa kuangalia mkia. Akifika, aizungushe krenki kwa mkono aone kama inazunguka bila kukwama. Afungue kifuniko cha oili: akikuta uji wenye rangi ya maziwa, hayo ni maji, aondoke zake. Iwashwe ikiwa baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika. Ikitoa moshi mweupe au wa bluu usiokwisha, au moshi ukipuliza kwa nguvu pale pa kutilia oili, hiyo imechoka kama yetu. Apime na mgandamizo wa kila silinda. Kipimo chake anacho. Halafu risiti iandikwe namba ya injini na siku za majaribio. Bila karatasi hiyo fedha isitoke mfukoni. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, na tukiibadilisha injini lazima kadi nayo irekebishwe. Bila risiti halali tutakuwa na gari zima lakini kila kizuizi tunajieleza.

Jambo jingine ambalo mkutano utaona ni gharama ya bure, na sisi tunasema si ya bure: mkanda wa taimingi. Injini za ukoo huu zinatumia mkanda, na Toyota wanataka ubadilishwe kila kilometa 100,000. Injini ya mtumba hujui imetembea ngapi. Mkanda ukikatika, vavu zinagongana na pistoni na hasara inakuwa kubwa kwa dakika moja. Ununuliwe mpya pamoja na roli yake ya kukazia, ufungwe injini ikiwa bado iko chini, wakati kila kitu kinafikika. Rejeta nayo izibuliwe, ina matope ya miaka. Na ile themostati isitupwe. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanaipunguzia injini joto, lakini kwenye injini hizi ikitolewa, sehemu ya maji inarudi ndani bila kupita kwenye rejeta. Fundi wetu tunamheshimu, ila hapa tutamsimamia.

Fedha iliyopo kwenye kitabu cha mweka hazina inatosha 3L ya mtumba, mkanda, na kazi ya fundi. Haitoshi ile ya turbo mpaka tukope, na deni litalipwa kwa kahawa ambayo bado iko mtini.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, hapa ghalani. Kila mwanachama aje na kadi yake ya uanachama ili kura ihesabike. Akina mama msiwaachie wanaume jambo hili kwa sababu ni la vyuma. Mwenye bei kutoka kwa muuzaji mwingine ailete imeandikwa, kabla ya Ijumaa jioni.

Katibu