Askari Aiandae Nyumba Kabla ya Kupasuliwa Tezi Dume

Askari mwenye akili haendi lindoni kabla ya kuikagua silaha yake, kuijua njia ya kurudia na kumjua atakayempokea zamu. Hayo alifunzwa tangu siku za ukuruta. Lakini askari huyohuyo, akiambiwa na daktari kwamba tezi dume yake haina budi kupasuliwa, hunyamaza kimya, akafunga mkoba wake akaenda hospitali, kana kwamba vita vitakwisha siku atakayoshushwa kutoka meza ya upasuaji. Maoni yetu ni kwamba siku hiyo vita vingine huanza, navyo ni vya nyumbani. Asiyeviandalia mapema huteseka bila sababu.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Mwanamume akivuka miaka 50, mara nyingi tezi hiyo hukua na kuibana njia hiyo. Mkojo hutoka kwa shida, usiku akaamka mara nne au tano, na wengine huzibwa kabisa. Si kila tezi iliyokua ina saratani. Hilo hupambanuliwa na daktari kwa vipimo. Jambo hili lawahusu wasomaji wa ukurasa huu, kwa kuwa wengi waliovaa magwanda katika miaka ya 1990 sasa wameufikia umri huo.

Baada ya upasuaji mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo. Mpira utumikao zaidi huitwa kwa jina la Foley, daktari Mmarekani wa miaka ya 1930. Karibu na ncha yake kuna puto dogo linalojazwa maji likiwa ndani ya kibofu, ili mpira usichomoke. Tezi ikikwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo, mpira hukaa siku chache. Tumbo likipasuliwa, hukaa yapata wiki moja au zaidi. Wako pia wanaokaa nao wiki nyingi wakingojea zamu ya kupasuliwa. Kwa hiyo wengi hurudi nao nyumbani.

Na tumtazame askari ambaye kwao ni tarafa ya Kanama, wilayani Rubavu, aliyetibiwa katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali. Basi humshusha Mahoko, kando ya barabara ya lami iendayo Gisenyi. Toka hapo nyumba nyingi ziko mlimani, na mvua za Machi hadi Mei huzifanya njia za udongo kuwa telezi. Desturi ni kupanda pikipiki. Lakini mtu mwenye kidonda kibichi na mpira kibofuni hafai kurushwarushwa juu ya mawe. Gari la kumfikisha karibu na nyumbani, na vijana wawili wa kumshika mkono mahali gari lisipofika, watafutwe kabla hajaondoka kwenda Kigali. Tena tusisahau usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika, nyumba zikabomoka na barabara zikakatika, na watu zaidi ya 130 wakafariki nchini. Aishiye ng'ambo ya bonde wakati wa mvua yafaa alale siku za kwanza kwa ndugu aliye karibu na barabara, ili njia ya kwenda kwa mganga isimfungie.

Nyumbani kitanda kiwe cha kimo kinachomwezesha kukaa na kusimama bila kujikaza. Upande mmoja pawe na mahali pa kuning'iniza mfuko wa mkojo, chini ya kibofu lakini juu ya sakafu. Mkojo hushuka kama maji ya mlimani. Mfuko ukiinuliwa, mkojo hurudi kibofuni pamoja na vijidudu. Mpira ufungwe pajani kwa plasta, usivutwe wala usikunjwe chini ya blanketi usiku wa baridi. Choo kikiwa nje, asikiendee gizani. Kiwekwe chombo cha kumwagia mkojo, na taa. Tayarisheni pia sabuni, maji safi, kitambaa chake peke yake, suruali pana na mfuko wa akiba.

Achaguliwe mtu mmoja wa zamu, na mwingine wa kumpokea. Anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa mpira. Asubuhi na jioni paoshwe mahali mpira unapoingilia, akifuta kutoka mwilini kwenda nje. Na kwa asiyetahiriwa, ngozi ya mbele irudishwe mahali pake. Mfuko umwagwe ukipita nusu kidogo, usingojewe kujaa. Kiungio cha mpira na mfuko kisifunguliwe ovyo. Mgonjwa anywe maji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, ila akikatazwa na daktari. Ale maharage na mboga za majani ili asipate choo kigumu, maana kujikaza huamsha damu. Pombe aiweke kando.

Mkojo wenye wekundu mwepesi usiwatishe. Lakini damu nzito yenye mabonge, homa na kutetemeka, au mfuko kukaa mtupu kwa saa mbili huku tumbo likijaa na kuuma, hayo ni mbiu ya hatari: twendeni hospitali wakati uleule. Na kamwe asiuvute mpira kwa mkono wake! Puto likiwa limejaa hurarua njia ya mkojo.

Adui mkubwa kuliko yote hayo ni haya. Mtu aliyekubali kufungwa jeraha na mwenzake mbele ya kikosi kizima huona fedheha mkewe akiuona mfuko, akaufunika kwa koti, akaubeba juu ya mapaja, akaacha kunywa maji ili usijae. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Akiona vigumu kuhudumiwa na mkewe au mtoto, amwite ndugu au askari mwenzake. Lakini asibaki peke yake. Hata mpira ukishatolewa, mkojo waweza kumponyoka kwa siku au wiki kadhaa. Hilo ni jambo la kawaida, wala si aibu ya mwanamume.

Wakubwa wa vikosi nao wana wajibu. Mwaka 2005 sheria iliunda bima ya MMI kwa ajili ya matibabu ya wanajeshi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hakuna bima itandikayo kitanda. Aliyepasuliwa apewe mapumziko kamili, asipangiwe lindo wala kubeba mizigo mpaka daktari aruhusu. Na wauguzi wasimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani kabla yeye au ndugu yake hajaumwaga mfuko kwa mikono yake mbele yao, na kabla hajapewa kwa maandishi tarehe ya kutolewa mpira.

Ndugu askari, ukishapewa siku ya upasuaji, rudi nyumbani kwanza. Kaa na mkeo na wanao, uwaeleze bila kuficha, na mgawane zamu. Ukague kitanda, njia na maji kama ulivyokuwa ukiikagua silaha. Ndipo uende kwa daktari, nawe wajua kwamba nyuma yako kuna kikosi kinachokungoja.