Bongo Fleva au hip hop? Wewe ni Mgika au Mgalu?

Jaribu siku moja kumwambia shabiki wa Fid Q, hasa wa hapa Mwanza, kwamba mtu wake anafanya Bongo Fleva. Utakoma! Utaambiwa yule ni hip hop, tena ngumu. Haya, muulize tofauti ni nini. Atakutajia mashairi, vina, ujumbe. Sasa mtajie Professor Jay na "Machozi, Jasho na Damu" ya mwaka 2001. Vina vipo, ujumbe upo tele, na bado watu wanamhesabu kati ya magwiji wa Bongo Fleva. Hapo mjadala unaishia kwenye "ah, wewe huelewi muziki."

Mimi naona tunabishana kuhusu kitu ambacho hakimo kwenye muziki wenyewe.

Jina Bongo Fleva lilizaliwa redioni miaka ya 1990, redio binafsi zilipoanza. Anayetajwa sana ni Mike Mhagama wa Radio One. Mtangazaji alihitaji neno la kutenganisha vitu vya vijana wa hapa na R&B na rap za Marekani, basi. Kwa hiyo kila kitu kikatupwa humo: wanaochana, wanaoimba mapenzi, hata wenye zuku zao. Nyimbo za mapenzi zilipotawala redio, wachanaji wakataka kutoka kwenye hilo kapu. Ninavyoona mimi, "hip hop" kwa Kiswahili chetu cha mtaani ikawa na maana ya "sisi siyo wale".

Na siyo jambo geni. Nenda Bujora, hapa hapa Kisesa, mwezi wa sita kwenye Bulabo. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanzia karne ya 19 kwa Ngika na Gumha, waganga wawili waliokuwa mahasimu. Wanacheza wakati mmoja, kila chama na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi (dawa nazo zina kazi yake, wanasema wenyewe). Mgeni akiuliza tofauti ya ngoma zao, wazee wanamshangaa. Mtu hawi Mgalu kwa sababu ya mdundo. Anajua tu asimame upande gani wa uwanja.

Bendi za Dar nazo hivyo hivyo. Kila moja ilikuwa na "mtindo": Western Jazz Saboso, Vijana Jazz Pambamoto, Maquis Kamanyola. Mfuate Muhiddin Maalim Gurumo. Akiwa Juwata alikuwa Msondo. Mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, ikawa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Miaka ya 1980 akahamia OSS, akawa Ndekule, kisha akarudi Msondo. Sauti ni ile ile mpaka alipofariki mwaka 2014! Lakini mashabiki wa Msondo na Sikinde walikuwa kama Simba na Yanga. Na angalia: NUTA ikawa Juwata, Juwata ikawa OTTU, jina la chama cha wafanyakazi likibadilika na bendi inabadilika, mwishowe bendi ikajiita Msondo Ngoma. Mtindo ukaishi kuliko jina la bendi.

Ndiyo maana siungani na wasomi wenzangu wanaosema "muziki ni muziki tu, majina ya nini?" Ni rahisi kusema hivyo kama wimbo wako unapigwa. Tuzo za Kili zilipoweka kipengele cha hip hop peke yake, mchanaji hakulazimika tena kupimwa na muimbaji wa mapenzi. Jina lilimpa mahali.

Kinachoniudhi ni jina linalotoka kwa mtu asiyecheza. Robert Fripp wa King Crimson, kule Uingereza, ameikataa kwa miaka mingi lebo ya "progressive rock" aliyobandikwa, na wapi, rafu haijabadilika.

Sasa tazama singeli. Kwa miaka mingi iliitwa muziki wa wahuni wa uswahilini, vigodoro. Kisha mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa "Sounds of Sisso", kazi za studio moja ya Mburahati, na Ulaya wakaiweka kwenye rafu ya muziki wa elektroniki. Manzese hakuna anayeiita hivyo. Kule ni singeli, na anayeiita Bongo Fleva atasahihishwa kabla wimbo haujaisha, na kwa kasi ile hana muda mrefu.