Kibopa Akitoa, Tazama na Mkono wa Pili

Wiki hii nina swali la kijiweni, lile ambalo likianza pale stendi ya Tarime hata wapiga debe wanasahau abiria: eti mfanyabiashara aliyefanikiwa ni mkarimu au mbinafsi? Wapo wanaoapa kwamba hakuna kibopa asiye mchoyo, bila uchoyo asingefika alipo. Wengine wanasema huo ni wivu tu, maana michango ya misiba, kanisa na msikiti inatoka kwa haohao. Mimi nina upande wangu wa tatu.

Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakawa yale yaliyokuwa (hayo tuyaache), nilipata kazi kwenye duka la jumla kule Sirari, mpakani. Jina la bosi nalihifadhi kapuni. Sukari, unga, mafuta ya kupikia, sabuni. Wateja wa kwetu na wa Isebania, noti za nchi mbili kwenye droo moja. Na yule mzee alikuwa anatoa, we acha tu! Kadi ya mchango wa harusi hakuisoma mara mbili. Jumapili moja kwenye harambee ya kanisa aliahidi mifuko hamsini ya saruji, vigelegele vikapigwa mpaka bati likatikisika. Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa nimelala siku tatu na malaria. Mwisho wa mwezi siku tatu zikakatwa. Nilipouliza, akanijibu kwa upole kabisa, "Mura, biashara ni biashara."

Sasa huyu tumwite nani? Saruji haikuwa ya mdomoni, mifuko ilifika yote na kanisa limesimama. Pesa yangu iliyokatwa nayo ilikuwa pesa kweli. Tofauti ninayoiona ni kwamba saruji ilikuwa na mamia ya watu wa kuishuhudia, malaria yangu nilikuwa nayo peke yangu chumbani. Tena Jumatatu yake waumini walijaa dukani kununua sukari. Najua, kwa sababu aliyekuwa anapima ni mimi.

Msidhani mambo haya yaliletwa na maduka. Wazee wetu wa Kikurya waliokuwa na ng'ombe wengi hawakuwalaza wote zizi moja. Mzee alimkabidhi ndugu au rafiki wa kijiji kingine ng'ombe kadhaa awatunze. Maziwa anywe na wanawe, lakini ng'ombe wanabaki mali ya mwenyewe. Ukitazama haraka unasema, duh, roho gani hiyo! Lakini huku kwetu wezi wa mifugo wanaweza kufagia zizi zima usiku mmoja, na ugonjwa ukiingia haubagui. Tajiri aliyetawanya mifugo yake alikuwa na usingizi mzuri kuliko aliyeirundika. Na siku akiwa na kesi, watu wa kumsemea hawakukosekana. Alikuwa anajipenda mwenyewe, hilo halina ubishi, na bado mtoto wa jirani alikunywa maziwa. Ubinafsi wa namna hiyo mimi naupigia kura.

Tupande gari twende kwa jirani zetu wa wilaya ya Serengeti, maana huko yupo kibopa wa kimataifa. Anaitwa Paul Tudor Jones, Mmarekani. Huyu hauzi sukari. Alianzia kwenye soko la pamba la New York, na Oktoba 1987 masoko ya hisa yalipoporomoka alivuna fedha za kutisha, kwa sababu alikuwa ameshaweka dau kwamba yataanguka. Wenzake wanalia, yeye anahesabu. Mwaka uliofuata, 1988, akaanzisha Robin Hood Foundation ya kusaidia maskini wa jiji hilohilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaja kwetu, akakodi mapori ya Grumeti na Ikorongo, magharibi mwa Hifadhi ya Serengeti, kama ekari 350,000 hivi.

Mfuko wake wa Grumeti unasomesha vijana wa Serengeti na Bunda, umeajiri askari wa wanyamapori, na mwaka 2019 walishushwa faru weusi tisa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Humohumo kuna hoteli za Singita, ambako mtu mmoja kulala usiku mmoja ni zaidi ya dola elfu moja. Mgeni analipia pori lililojaa wanyama, kwa hiyo kumlinda faru ni wema na ni mtaji. Waikoma na Wanata, ambao babu zao waliwinda huko, leo wakiingia na upinde ni kesi. Tusimsingizie Mmarekani: serikali iliyatangaza kuwa mapori ya akiba mwaka 1994, yeye hajafika. Ila ukitaka kujua kama ni mkarimu, aliyelipiwa ada atakupa jibu moja, na aliyekesha shambani akigonga madebe kufukuza tembo atakupa lingine.

Mgodi wa North Mara pale Nyamongo siuweki kwenye ubishi huu. Tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017, mwenye mgodi anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa kuhudumia jamii na akubaliane na halmashauri. Hapo hakuna ukarimu, ni deni. Na mimi deni nalipenda zaidi, kwa sababu mdaiwa humsubirii aamke na roho nzuri.

Sokoni Tarime kuna mama mmoja anauza dagaa. Usimwone na khanga iliyopauka, ana nyumba mbili za kupangisha na pikapu. Kwenye harambee humsikii. Binti anayemsaidia alipojifungua, alikaa nyumbani miezi miwili na mshahara ukamfuata hukohuko. Nikamwuliza, "Mama, hiyo si hasara?" Akanitazama kama mtu aliyeuliza ujinga.

"Hasara ni kutafuta mwingine, nimfundishe upya, aniibie mwaka mzima ndipo anizoee."

Kisha akanipimia dagaa za elfu mbili, akaongeza kiganja kimoja juu, halafu akafungua daftari na kunionyesha deni langu la mwezi uliopita.