Eti Hesabu Iko Kichwani

Muulize mama muuzaji yeyote wa soko la Kituku, hapa Goma, leo amepata faida gani. Atafungua pindo la kitenge, ahesabu noti, kisha akujibu: "Biashara inatembea." Daftari je? Atacheka: hesabu iko kichwani. Nasi tuliosoma tunamsifu kwa akili hiyo. Mimi nasema ndiyo inayomlia mtaji.

Tuseme ameleta gunia la maharage kwa mashua kutoka Minova, kando ya Ziwa Kivu. Kalipa nauli ya gunia, kijana aliyeingia majini mpaka magotini kulishusha, chukudu (ile baiskeli ya mbao) ya kulifikisha mezani, na kodi ya soko. Kufika saa sita maharage yamekwisha, mama anatabasamu. Lakini makopo mawili yamekwenda jikoni kwake, jirani kachukua matatu kwa deni, na faranga alizouzia, akizigeuza dola wiki ijayo, huenda zisitoshe kununua gunia lingine. Kichwa hukumbuka bei ya kununulia na ya kuuzia. Mambo ya katikati hukipita, na faida huliwa hukohuko.

Wengine wanadhani dawa ni kompyuta. Kompyuta isiyoambiwa kwamba shemeji alichukua mfuko wa unga itaendelea kukuonyesha mfuko huo stoo, hadi siku utakapokwenda kuutafuta.

Hata sheria haidai makubwa. Mwaka 2012 Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na mfumo wa uhasibu wa jumuiya hiyo unamruhusu mfanyabiashara mdogo kabisa kushika hesabu nyepesi: pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, na mwisho wa mwaka mali iliyobaki na madeni. Mistari ya mwezi mmoja tu itamwonyesha mama siku ambazo mashua hujaa na bei kuporomoka, na mteja ambaye "kesho" yake haifiki. Uchambuzi wa data ambao watu wanaulipia karo vyuoni ndio huo.

Watasema daftari huita watoza kodi. Basi lilaze nyumbani, chini ya godoro.

Na tusiwaseme akina mama peke yao. Meli nayo ni biashara; kila abiria ni mstari wa mapato. Tarehe 3 Oktoba 2024, meli ya Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari hii ya Kituku, watu wakiiona. Siku zilizofuata kila mkubwa alitaja idadi yake ya abiria. Hesabu ilikuwa kichwani mwa nani?