Mtafiti Anapobisha Hodi Ikuti: Malezi ya Dhamiri kwa Wanasayansi Vijana

Katika vijiji vyetu vya Rungwe mgeni hapiti mlangoni bila kusalimiwa. Anaitikiwa kwa "ugonile", anasogezewa kigoda, na kabla hajaeleza shida yake sufuria ya ndizi imekwishainjikwa. Ukarimu huu ni tunu ya Kiinjili ambayo wazee wetu walikuwa nayo hata kabla ya kuisikia Injili. Miongoni mwa wageni wanaoupokea siku hizi, huko Ikuti na katika kata nyingine za wilaya yetu, wamo vijana wanaosomea shahada za uzamili na uzamivu katika sayansi. Wanakuja na dodoso mkononi, na wengine na vichupa vya kuwekea damu, udongo au maziwa. Wanataka kujua habari za parachichi zetu, ng'ombe wetu, maji yetu na afya ya watoto wetu.

Idadi ya vijana hawa inaelekea kuongezeka. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, ilianzisha Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, na sehemu ya fedha hizo ilitengwa kusomesha wahadhiri katika ngazi za uzamili na uzamivu. Ni habari njema, na tunaipokea kwa moyo wa shukrani. Lakini kila tasnifu inahitaji takwimu, na takwimu hutoka kwa watu. Kwa hiyo tunauliza swali linalomhusu kila mwamini: je, vijana hawa wanafundishwa maadili ya utafiti kwa kiwango kilekile wanachofundishwa kutumia darubini na kompyuta?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Kichungaji juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo ya mwaka 1965, unafundisha kwamba utafiti unaofuata njia za kweli za sayansi na kuheshimu sheria ya maadili hauwezi kupingana na imani, kwa kuwa ulimwengu na imani vina asili moja, yaani Mungu. Kanisa, basi, haliiogopi maabara. Hata hivyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatutahadharisha kwamba ni kujidanganya kudhani kuwa sayansi haina upande mbele ya maadili. Inaongeza kwamba majaribio juu ya mwanadamu hayawezi kuhalalisha tendo linalopingana na utu wake, na kwamba mhusika au anayemwakilisha lazima aridhie baada ya kuelewa.

Historia inaonyesha gharama ya kupuuza mafundisho haya. Huko Tuskegee, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa na watumishi wa afya wa serikali bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Walinyimwa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kuwa inaponya. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa wasomi wenye shahada nzuri, na ripoti zao zilichapishwa katika majarida ya kitabibu. Elimu walikuwa nayo tele. Dhamiri ndiyo iliyokuwa imelala.

Baada ya fedheha za namna hiyo dunia ilijiwekea kanuni. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani lilipitishwa mwaka 1964, na Oktoba 2024 lilifanyiwa marekebisho mapya. Humo mtu aliyekuwa akitajwa kama kitu kinachofanyiwa utafiti sasa anaitwa mshiriki. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2007 iliagiza kwamba chuo kinachoomba fedha za utafiti kwa shirika la taifa la sayansi kiwe na mpango wa kuwafundisha wanafunzi uadilifu wa kitafiti, na agizo hilo likaanza kutekelezwa Januari 2010. Kwetu Tanzania ipo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ipo pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na yenye vituo Mbeya na hapa Tukuyu. Kuanzia Mei 1, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo imeanza kutumika. Kanuni, kwa hiyo, tunazo. Tatizo letu ni malezi.

Mara nyingi mafunzo ya maadili huishia katika karatasi. Mwanafunzi anajaza fomu ya kamati, anapata kibali, anakiambatisha nyuma ya tasnifu, naye anahesabu kuwa maadili yamekwisha. Tutazame mambo matatu ambayo kibali peke yake hakiwezi kuyatunza.

La kwanza ni ukweli wa takwimu. Tuchukulie mwanafunzi ambaye fedha zake zimebaki za siku nne, mvua imeharibu njia ya kupanda Ikuti, na msimamizi wake anadai sura ya matokeo. Amewaajiri vijana wawili wamsaidie kuhoji kaya, naye anawalipa kwa kila dodoso lililojazwa. Jioni wanarudi na madodoso arobaini, mengi yakiwa yamejazwa chini ya mti. Mwanafunzi anashuku, lakini ananyamaza. Huko mitaani tunaita kupika takwimu. Amri ya Nane ya Mungu inakuita kushuhudia uongo. Nao uongo huu hauishii katika maktaba ya chuo. Mtaalamu wa wizara akiusoma kama ukweli, anaweza kuamua kwamba Ikuti haina haja ya dawa fulani, au kwamba mkulima wa parachichi apande mche usiofaa udongo wake. Tena leo akili mnemba inaweza kutunga majibu ya kaya mia kwa dakika chache, na yakaonekana safi kuliko ya kweli. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini njia ya takwimu ya uongo yaweza kuwa ndefu, na anayeitembea hadi mwisho ni maskini.

La pili ni uhuru wa anayeulizwa. Kijijini ridhaa ina uzito wake wa pekee. Mwenyekiti akishasema "tumewakubalia wageni hawa", mama aliyeletwa mbele ya meza akiwa na mtoto mgongoni anaona kukataa ni utovu wa adabu. Hapa hatuna budi kujichunguza sisi wenyewe. Mtafiti akitambulishwa kanisani baada ya Misa, neno la Padre au la Katekista linabeba heshima ya altare. Mwamini anaweza kutoa damu ya mwanawe akidhani anatimiza wajibu wa dini. Tunasema kwa upendo, lakini bila kuficha: Kanisa lisiazimishe mamlaka yake kwa utafiti wowote, hata ulio mzuri, bila kuongeza maneno haya wazi kwamba anayekataa hatendi dhambi, hamkosei Padre, wala hatapoteza huduma yoyote.

Wilaya yetu inalijua jambo hili kwa namna ya pekee. Eneo la Tukuyu limetambulika kwa miaka mingi kuwa na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi wadogo wanaozaliana katika mito iendayo kasi, na ambao unaweza kuleta upofu. Ili kuupima, watafiti huchukua kipande kidogo cha ngozi ya mtu. Ili kuwakamata nzi hao, mbinu inayotumika pengi duniani ni mtu kukaa kando ya mto, miguu wazi, akiwangoja watue. Kazi hii imesaidia kuokoa macho ya wengi, nasi hatuidharau. Lakini mwanafunzi aliyelelewa vema hujiuliza kabla ya kufungua daftari: anayekaa kando ya mto ni nani? Ameelewa hatari yake? Amepewa dawa ya kumkinga? Au amekubali tu kwa sababu posho ya siku hiyo ndiyo unga wa wiki? Mwanafunzi asiyejiuliza hivyo ameona mguu tu. Hakumwona ndugu mwenye mguu huo.

La tatu ni haki ya kutajwa na kurudishiwa. Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, na mwaka 1951 kikatoka kitabu mashuhuri cha Monica juu ya vijiji vya marika. Jina lililo juu ya jalada la kitabu hicho ni la mgeni. Ilichukua miongo mingi kabla ya wanahistoria kuandika kwa kina, katika kitabu cha mwaka 2013, habari za wasaidizi na wakalimani wa Kiafrika kama Leonard Mwaisumo, ambao bila wao wageni wale wasingeelewa walichokisikia.

Lakini milima yetu imetupatia pia mfano wa kujivunia. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe, wakifuatilia masimulizi ya wenyeji, walimwona nyani ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika, na ambaye kwetu anaitwa kipunji. Mwaka 2004 kundi lingine lilimwona katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Makundi haya mawili yangeweza kushindana nani atangulie kuchapisha. Badala yake yaliandika pamoja, mwaka 2005, na miongoni mwa waandishi wakatajwa Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Tena hawakumuua mnyama ili wapate kielelezo; walitumia picha. Ni mwaka 2006 tu, baada ya kipunji mmoja kufa katika mtego wa mkulima, ndipo mwili wake ulipochunguzwa na ikabainika kuwa anastahili kuwekwa katika jenasi yake mwenyewe, iliyopewa jina la Rungwe. Mwanafunzi wa sayansi akiifahamu habari hii vizuri, atakuwa amejifunza ushirikiano, haki ya jina, heshima kwa elimu ya wenyeji na utunzaji wa kazi ya uumbaji, ambao Baba Mtakatifu Fransisko aliuhimiza katika Waraka wake "Laudato si'" wa mwaka 2015.

Wapo wanaosema kwamba maadili hayafundishiki chuoni, kwa kuwa mtu wa miaka thelathini amekwisha kuwa alivyo. Hoja hii ina ukweli wake: samaki hukunjwa angali mbichi, na shule ya kwanza ya ukweli ni familia. Lakini aliyekuja chuoni na moyo mnyofu anaweza asijue kwamba kumlipa msaidizi kwa idadi ya madodoso ni kumtia kishawishini, au kwamba picha ya mgonjwa katika simu yake ni taarifa inayolindwa na sheria. Wema usio na maarifa unaweza kuumiza. Ndiyo maana tunaona kwamba mafunzo haya yasiwe mhadhara mmoja wa kufungua mwaka. Yaende sambamba na utafiti wenyewe, yatumie mifano ya vijiji vyetu, na yamhusu msimamizi kabla ya mwanafunzi, kwa sababu kijana hujifunza zaidi kwa kumtazama mwalimu wake akikiri kosa kuliko kwa kusoma kanuni. Vyuo vikuu vya Kanisa katika nchi yetu vina wajibu wa kutangulia katika hili, wala visingoje kuagizwa.

Nasi waamini tusibaki watazamaji. Mtafiti akibisha hodi, tumkaribishe, kisha tumwulize kwa adabu: Umetumwa na nani, na kibali chako kiko wapi? Unatafuta nini, na kwa faida ya nani? Damu hii au maneno haya yatakwenda wapi, na nani atayaona? Naweza kukataa, au kuacha katikati? Na matokeo, utarudi lini kutusomea? Maswali haya yajadiliwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili hata bibi asiyejua kusoma ajue kwamba ana haki ya kuyauliza. Mtafiti mwaminifu hataudhika kuulizwa. Atafurahi kwamba ameeleweka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mtafiti ni kurudi. Arudi Ikuti na matokeo yake, ayaeleze kwa lugha ya watu, akubali kusahihishwa na mzee anayelijua shamba lake kuliko kompyuta. Tunawaombea wanafunzi wetu wote wa sayansi, na walimu wao, ili Roho Mtakatifu awajalie pamoja na akili nyepesi dhamiri nyofu, wapate kuuona katika kila jina la orodha yao uso wa mtu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu.